Tupeane uzoefu: ulimchaguaje wakala wa trekta jipya?

Mwanzisha mada:
Ndugu wanajamvi, ninakaribia kununua trekta jipya, la kwanza maishani mwangu, na nimebakiwa na mawakala wawili ambao matrekta yao yanalingana kwa nguvu na kwa bei. Mashine zenyewe nimezichunguza vya kutosha; kinachonisumbua ni yupi wa kumkabidhi fedha zangu. Mliotangulia, naomba mtueleze yaliyowapata.

Mchangiaji wa 1:
Mimi nilivutwa na punguzo. Msimu wa kwanza trekta halikunisumbua, lakini msimu wa pili, siku ya tatu ya kulima, sili ya shafti ya PTO (kizibo kinachozuia mafuta kwenye mhimili wa nyuma unaoendesha zana) ilianza kuvuja, mafuta yakawa yanachuruzika hadi kwenye plau. Sili hiyo inaenea kiganjani, ila wakala hakuwa nayo, na nilisubiri siku 19 huku udongo ukizidi kukauka. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba aliniomba nimtumie picha ya kipuri, ilhali mtu anayeijua kazi yake angeanza kwa kuuliza namba ya chasisi, kwa kuwa kiwanda huweza kubadilisha vipuri hata ndani ya modeli ileile. Punguzo lote liliishia kwenye kukodi trekta la jirani.

Mchangiaji wa 2:
Ndiyo maana mimi sikuanzia kwa muuzaji, nilikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la vipuri. Niliulizia vitu vinne: filta ya dizeli, filta ya haidroliki, mkanda wa feni na diski ya klachi. Wakala mmoja aliweka vitatu mezani, akakiri kwamba diski imekwisha na akanitajia siku itakayofika. Mwingine, ambaye ukumbi wake wa maonyesho ulikuwa unang'aa kuliko wote, alinijibu kwamba vyote vinne "viko njiani". Sikurudi kwake.

Mchangiaji wa 3:
Naomba niongeze suala la dhamana, na hapa nakiri kosa langu. Matrekta mengi huhitaji huduma ya kwanza karibu saa 50 za kazi, kwa sababu gia mpya zinapozoeana hutoa chembe za chuma ambazo hazifai kubaki kwenye mafuta. Mimi nilifika saa 87 bila kubadilisha chochote, na pampu ya haidroliki ilipokufa wakala alisoma mita, akafunua kitabu cha dhamana na kunionyesha kifungu. Alikuwa na haki yake, lakini siku ya makabidhiano alinipa funguo tu, hakunitamkia neno lolote kuhusu hizo saa 50. Wakala wangu wa sasa hupiga simu mwenyewe saa zinapokaribia.

Mchangiaji wa 4:
Umbali usiwatishe sana. Wangu yuko mbali, lakini ana fundi mwenye gari na sanduku kamili la spana, anayetengeneza trekta shambani. Ulizeni mafundi wako wangapi na nani hulipia safari yao wakati wa dhamana.

Mwanzisha mada:
Nashukuru sana. Kesho naanzia kwenye dirisha la vipuri na vile vitu vinne.

Mchangiaji wa 1:
Viwe vitano, ndugu yangu. Ulizia na sili ya PTO.