Ushauri: Slaidi za mkanda mweusi-mweupe, utando unachubuka kwenye pamanganeti

Chake_Picha: Assalaam alaykum wakuu. Natengeneza slaidi nyumbani Chake Chake kwa mkanda wa Ilford FP4 Plus. Nikifika kwenye pamanganeti (dawa inayoondoa fedha ya picha ya kwanza), utando, yaani tabaka la jelatini lenye picha, unalegea na kuchubuka kingoni, na sehemu nyeupe zinabaki na ukungu wa kijivu. Natia pamanganeti gramu 2 na asidi ya betri mililita 10 kwa lita, dakika 5. Maji ni ya kisima, nyuzi 29. Nirekebishe wapi?

Fundi wa Giza: Waalaykum salaam. Joto kwanza. Pamanganeti yenye asidi inalainisha jelatini hata kwenye nyuzi 20; kwa 29 usitarajie utando ushike. Panga chupa zote kwenye beseni la barafu, na maji ya kusuuzia pia. Ukipoza dawa peke yake kisha ukasuuza kwa maji ya uvuguvugu, jelatini inavimba ghafla na kukunjamana.

Asidi nayo umepunja. Mililita 10 ni kipimo cha asidi kali. Ya betri imeshazimuliwa, tia 40. Ikipungua, pamanganeti inatoa tope la kahawia na fedha haitoki yote. Vaa glavu na miwani, asidi ndiyo imiminwe kwenye maji. Changanya na pamanganeti saa ya kutumia tu, mchanganyiko haukai.

Bi Shangani: Kisima cha pwani nacho nakitilia shaka sana. Chumvi inaikamata fedha iliyoyeyuka na kuigandisha tena ndani ya utando, halafu dawa ya pili, ile inayotokeza slaidi yenyewe, inaitia weusi. Changanyia maji ya betri yaliyotoneshwa, na soma lebo usije ukauziwa asidi. Ukungu ukibaki, tia “haipo” (sodiamu thaiosalfeti, inayoyeyusha chembe za fedha) kwenye dawa ya kwanza, ile ya kutokezea picha kabla ya pamanganeti, gramu 8 kwa lita, mwisho 12. Ukizidisha, weusi unapauka.

Chake_Picha: Ahsanteni. Shabu ya dukani haiwezi kukaza utando?

Fundi wa Giza: Inasaidia kidogo, lakini barafu iko palepale. Gramu 20 kwa lita, dakika 3, kabla ya pamanganeti. Suuza dawa ya kwanza vizuri mno; ikibaki, shabu inaganda utelezi mweupe juu ya picha.

Baada ya pamanganeti, metabaisalfaiti gramu 25 kwa lita mpaka rangi ya kahawia iishe. Kisha uangazie mkanda kwa taa ya wati 100, umbali wa sentimita 45, dakika moja kila upande, ndipo uingie dawa ya pili. Tone la maji likigusa balbu ya moto inapasuka. Dawa ya pili usiitie “haipo”. Utando usiuguse kwa kidole wala kitambaa mpaka ukauke, na ujaribie vipande vya fremu 3 kabla ya mkanda mzima.