Naomba ushauri: milima ya Pare niwaelezeje wageni?

Habari zenu wakuu. Naongoza watalii hapa Moshi. Wageni wengi hudhani volkano ya Kilimanjaro ndiyo iliyozaa tanzanaiti. Hilo nalijibu: Kilimanjaro ni kijana, ulianza kulipuka miaka milioni 2.5 hivi iliyopita, wakati miamba ya Mererani, inakochimbwa tanzanaiti, ilipikwa chini kabisa ardhini yapata miaka milioni 600 iliyopita, mabara yalipogongana kuunda Gondwana, bara kubwa la kale. Matope ya bahari yakageuka miamba yenye grafiti (kaboni nyeusi kama ya penseli), na vanadiamu, aina ya metali iliyokuwamo, ndiyo inayolipatia jiwe ile bluu.

Ninapokwama ni Pare. Miamba ni ya mgongano huohuo, ila nimesoma kwamba milima yenyewe iliinuliwa na mipasuko ya ardhi baadaye sana. Nimeuliza waongozaji wenzangu, kila mtu na lake.

Je, ni sahihi kusema Pare ni mabaki ya mizizi ya milima ya kale iliyokwisha kulika? Na barabara ya Moshi kwenda Same, ni wapi naweza kusimamisha gari nikaonyesha mwamba wenye mistari ya mkunjo bila kupanda mlima?