Sigara moja moja pembeni ya bombo za batoto, halafu 31 Mei, siku ya dunia bila tumbaku, munatuvalisha tisheti

Bandugu ba Bukavu, mwamkeni. Hii uzi naifungua na hasira, mwenye anataka kuniambia nitulie apite tu aende kusoma mambo ya mupira.

Kuna mutu ata mumoja mu hii muji anaamini kama sheria ya sigara iko? Ju iko, musidanganyike. Inchi yetu iliingia mu mukataba wa OMS (shirika la afya duniani) wa kupiganisha tumbaku tangu mwezi wa kumi 2005, halafu tarehe 13 desemba 2018 ikatoka sheria ya afya ya batu bote, namba 18/035, na mule ndani kuvuta mahali pa batu bote kumekatazwa. Imeandikwa, ikasainiwa, ikaenda kulala. Uliza polisi wa barabara kama anaijua, atakuuliza karatasi za moto yako.

Juzi mu taksi ya Nyawera kwenda Panzi, mvua inanyesha, vioo vyote vimefungwa, tumebanana nyuma na mama mumoja amebeba mutoto ku mapaja, shofere anawasha yake. Namuambia papa, tafazali, kuna mutoto huku. Anashusha kioo kidogo hivi, kidole tu, anasema "moshi inatoka". Inatoka wapi? Ilikuwa inapita kwanza ku pua ya ule mutoto njo itafute njia. Na kitu chenye kiliniuma zaidi, batu bote mu gari banageukia mimi, "ndugu acha papa atumike", mi njo naonekana mutu mubaya! OMS inasema tumbaku inaua zaidi ya batu milioni 7 kila mwaka, na mule ndani zaidi ya milioni 1 ni batu benye habakuvuta, balikaa tu karibu na mwenye anavuta. Sasa ule mutoto, nani alimuuliza kama anakubali?

Lakini taksi siyo njo ilinifanya niandike. Ni kioski. Pita asubui mbele ya masomo yoyote, Kadutu, Bagira, ata huku Ibanda kwenye batu banajionaka, utakuta meza: biskwi, bombo, mandazi, na pembeni kikopo yenye sigara zimesimamishwa moja moja kama kalamu za mwalimu. Brike ya kuwashia imefungwa na kamba ju isiibiwe, na kamba yenyewe imeshuka, mutoto wa kimo ya meza anaifikia bila kujinyoosha. Bei ya sigara moja na ya bombo haziachani sana. Kifungu cha 16 cha ule mukataba kinasema kuuzisha batoto hapana, na inchi zijikaze kukataza kuuzisha moja moja. Benye baliandika balijua kama mutoto hana pesa ya pakiti nzima.

Na hapa njo naonaka kama batu ba semina banatuchezea. Kila mwaka ateliye, perdiemu, soda na samusa, banajadili onyo ya ku pakiti iwe kubwa namna gani, iwe na picha ao maandiko tu. Mukataba unaomba angalau 30% ya uso wa pakiti, Uganda mu sheria yabo ya 2015 baliweka 65% na picha, bamefanya vizuri. Lakini hapa Bukavu nani anaonaka pakiti? Pakiti inabaki kwa mama muuzaji, ye njo anasoma onyo kutwa muzima na ye mwenyewe havutake. Mwenye anavuta anapewa kijiti kimoja, hakina neno ata moja juu yake. Mutaweka picha ya mapafu yenye imeoza ju itishe nani, kikopo?

Sisi bazazi pia tusijifiche. "Enda uniletee sigara mbili, chenji bakisha." Mutoto wa miaka minane! Na kuna ba papa, nawajua, banataka iletwe imewashwa tayari ju kiberiti haiko ku nyumba. Sigara haijiwashake yenyewe, lazima mutu aivute moto ishike, basi fikiri mwenyewe nani alivuta ya kwanza.

Sigombani na mama wa kioski, mumuache, ye anatafuta karo ya batoto. Nagombana na benye banamuletea parasoli ya rangi ya kampuni na kumupakia kioski rangi bure. Ile parasoli siyo sadaka, ni tangazo, na matangazo mukataba ulisema inchi ziyakataze yote.

Najua jibu yenye inakuja: kuna vita, kuna njaa, we unatuletea sigara. Vita njo inakataza kutosha kikopo mbele ya masomo? Hiyo inaomba bujeti gani, ya nani wa Geneve kwenye OMS inakaa? Na kama ni ugonjwa munataka, Kongo iko mu zile inchi 30 zenye kifua kikuu kimezidi duniani, na mwenye anavuta anakipata kwa urahisi kuliko mwenye havute. Ku hospitali moja yenye sitaitaja, asubui banapima makohozi ya mugonjwa, saa sita namukuta nyuma ya choo anavuta, na mwenye kumuomba moto ni infirmiye na blouzi yake nyeupe.

Halafu mutu akitaka kuacha anasaidiwa na nani? Mukubwa wangu alisema amechoka, akaenda ku kituo cha afya, jibu ni "acha tu, na uombe Mungu". Basi. Dawa za nikotini za kusaidia kuacha, zile za kubandika ku ngozi na zile za kutafuna, ziko ku liste ya OMS ya dawa za lazima tangu 2009. Niliulizia ku farmasi, dada akaniletea plasta ya kidonda.

Ya shisha sina nguvu leo, lakini bale ba "ni matunda tu, inapita mu maji" bajue kama kikao cha saa moja OMS inasema kinaweza kukuingizia moshi mara 100 mpaka 200 ya ile ya sigara moja. Rwanda balikataza shisha 2017, unavuka tu Ruzizi imekatazwa. Huku inaletwa ku anniversere ya mutoto wa miaka kumi na sita na bazazi banapiga picha.

Komite ya bazazi ya masomo ya batoto bangu inakaa jumamosi. Naenda kuomba kitu kimoja: kioski yoyote yenye iko na kikopo ya sigara mbele ya lango, mutoto wetu hanunue ata bombo pale mpaka itoke. Siyo OMS njo itakuja kesho kuitosha, ni sisi. Nani mwingine atapeleka hii maneno ku komite yake? Andikeni kartie na jina ya masomo, emoji sitaki.