Mjadala: Kuhariri jeni za binadamu, tupige marufuku yote au tutenganishe?

Mwanzisha mada, Nkuhungu, Dodoma

Wakuu, habari za jioni. Jumapili baada ya ibada tulikuwa na kikao cha wazazi. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akasema kuhariri jeni za mtu ni kuingilia kazi ya Mungu, Tanzania ipige marufuku jambo lote. Wengi wakaitikia. Mimi nilinyamaza, na tangu siku hiyo kunyamaza kwangu kunanisumbua.

Nina binti wa miaka 11 mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Kazi ilituhamisha kutoka Mwanza, tukadhani hali kavu ya huku itamfaa. Hatukuujua upepo wa Juni na Julai. Baridi ikishuka usiku, magoti yanaanza. Mama yake anachemsha maji, anayatia kwenye chupa, anaizungushia kanga, tunamwekea. Mtoto anauma pindo la kanga ile ile asipige kelele, maana mdogo wake ana shule asubuhi. Mimi pia ni mtu wa imani. Lakini saa nane za usiku, ukiwa umeshika goti la mwanao, ukaambiwa ipo tiba ila ni dhambi, lazima uulize: dhambi ipo wapi hasa?

Tuwekane sawa kwanza. Mwaka 2012 Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walionyesha jinsi chombo cha bakteria kiitwacho CRISPR kinavyoweza kutumika kama mkasi wa kukata vinasaba mahali unapotaka. Mwaka 2020 wakapewa Nobeli ya kemia. Mwishoni mwa 2023 Uingereza, kisha Marekani, zikaidhinisha tiba ya kwanza ya mkasi huo, Casgevy, kwa ajili ya selimundu. Wanachukua seli shina za damu, yaani seli mama zinazozalisha damu, za mgonjwa mwenyewe na kuikata swichi iliyo kwenye jeni iitwayo BCL11A. Swichi hiyo ndiyo huizima himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) aliyokuwa nayo mtoto tumboni. Ikishakatwa, mwili unairudia himoglobini ile ya zamani, na chembe za damu hazichukui tena umbo la mundu. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu. Yai na mbegu za uzazi haziguswi. Mabadiliko yanaishia kwenye damu ya mgonjwa.

Kwa hiyo msimamo wangu: kumtibu mgonjwa aliyekwisha zaliwa, turuhusu, tena tudai. Kubadilisha kiinitete, yaani mimba ikiwa bado chembe chache za mwanzo, ili mabadiliko yarithiwe na wajukuu, tukatae. Haya mawili tusiyatie kapu moja. Watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka nchini. Marufuku ya jumla itawafungia hao mlango ambao hata hawajaufikia. Karibuni.

Muuguzi, Makole

Baba, pole sana kwa mtoto. Nakubaliana na wewe kutenganisha, ila tiba umeipaka rangi nzuri mno.

Kabla seli hazijarudishwa, mgonjwa anapewa dawa kali inayoitwa busulfani, ya kuuondoa uloto wake wa zamani, ile tishu ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu. Nywele zinakatika, mdomo unajaa vidonda, anakaa wiki kadhaa akilindwa asipate maambukizi. Na dawa hiyo inaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa. Casgevy iliidhinishwa kuanzia miaka 12. Sasa niambie, binti wa miaka 12 unamwulizaje kama yuko tayari kukosa watoto? Atasema ndiyo kwa sababu baba amesema ndiyo. Kwangu swali la maadili linaanzia hapo.

Halafu bei. Marekani ilitangazwa kwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Ni zaidi ya shilingi bilioni 5. Hapa hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa inapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, uloto wa ndugu anayelingana. Hakuna mkasi wa jeni pale, na watoto wanapona. Nami nakutana na wazazi kutoka vijijini ambao mtoto wao hajawahi kumeza haidroksiyurea, kidonge cha kupunguza mashambulio ya maumivu, hata siku moja. Ukisema tudai, anza na kidonge.

Mama, Chang'ombe

Kaka, naomba unijibu moja kwa moja. Mimi na mume wangu sote tumebeba kinasaba cha selimundu bila kujua. Tumezika wawili. Kama mkasi upo, kwa nini usikate mapema, kwenye kiinitete, mtoto azaliwe mzima? Unasubiri ateseke miaka 12 ndipo uruhusu?

Mwanzisha mada

Dada, poleni sana wewe na shemeji. Swali lako zito, nitalijibu kwa uwazi.

Kiinitete kilishajaribiwa. Novemba 2018 mwanasayansi wa Kichina, He Jiankui, alitangaza kuzaliwa kwa mapacha wa kike aliowabadilisha jeni ya CCR5 ili wasiweze kupata VVU. Baba yao alikuwa na VVU, lakini kuna njia ya kusafisha mbegu inayozuia maambukizi bila kukata chochote. Na ukataji haukutoka kama alivyopanga. Desemba 2019 mahakama ikamfunga miaka 3. Wasichana wale hawakuulizwa, na watakachowapitishia watoto wao hakirudishwi nyuma.

Kwa wazazi kama ninyi, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Maana yake viinitete vitatu kati ya vinne kwa wastani havina ugonjwa. Wanaopandikiza mimba wanaweza kuvipima na kuchagua kizima, hakuna haja ya kukata. Najua huduma hiyo ni ghali na wengi hatuifikii, lakini kuhariri kiinitete kungepitia maabara hiyo hiyo. Na kabla ya hayo yote, kipimo cha damu kabla ya ndoa.

Muuguzi, nimekusoma mara mbili. Uloto tulishapima. Mdogo wake hakulingana.

Mwenye ualbino, Mpwapwa

Nasoma kimya kimya tangu juzi. Kila mada ya namna hii, mfano wa pili huwa ni sisi, kwa hiyo naingia kabla hamjatutaja.

Ngozi yangu haijawahi kunifukuza kwenye daladala. Binadamu wenzangu wamenifukuza. Waliotuwinda kwa mapanga hawakutumwa na jeni. Ninachohitaji ni mafuta ya kujikinga na jua yapatikane zahanati, kofia pana, na mtoto wangu aketi mbele darasani auone ubao. Siku mtu akisema ualbino unaweza kuhaririwa, ataulizwa mama aliyejifungua mtoto kama mimi: kwa nini hukumrekebisha? Huyo mama atajibu nini?

Selimundu inaua na inauma, sipingi binti yako atibiwe. Lakini nani atachora mstari kati ya ugonjwa na tofauti? Mkiunda kamati, tuwemo, na kura zetu zihesabiwe.

Mwalimu wa baiolojia, Kongwa

Namuunga mkono ndugu wa Mpwapwa, na naongeza mawili.

Kwanza, kinasaba cha selimundu hakikuenea bure. Anthony Allison alionyesha mwaka 1954, kwa kazi aliyoifanya Afrika Mashariki, kwamba aliyebeba nakala moja tu anapata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana Kanda ya Ziwa kipo kwa wingi kuliko kwetu huku kukavu. Anayetaka kukifuta kwenye vizazi vyote ajue anagusa ngao pia. Hilo ndilo linalonitisha kwenye kiinitete, tunajua kazi moja ya jeni, hatujui zote.

Pili, sheria yetu ya udhibiti wa vinasaba vya binadamu ni ya mwaka 2009, miaka mitatu kabla ya mkasi huu. Ilijengwa kwa ajili ya sampuli: kuchukua, kusafirisha, kupima, kutunza. Bunge liko Dodoma mjini, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wako huko, chuo kikuu kiko huko. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita wanaielewa CRISPR kuliko wazazi wao. Mada hii inafaa kupelekwa kwa mbunge.

Mwanzisha mada

Mwalimu, nitaandika barua, nisaidie kuisoma kabla haijaenda. Kaka wa Mpwapwa, sentensi yako ya kamati nitaiweka ya kwanza. Niliandika "turuhusu, tena tudai" bila kufikiri nani yuko chumbani wakati wa kuruhusu.

Dada muuguzi, jana jioni nilimkalisha binti nikamwambia yote uliyoandika, hadi la kutozaa. Mama yake alitaka nisimwambie. Alinyamaza muda mrefu, akauliza kama nywele zitakatika. Nikamwambia zitakatika, kisha zitaota. Akauliza kama yule wa kwanza kutibiwa yuko hai. Nikamwambia Victoria Gray, wa Marekani, alitibiwa mwaka 2019 na amesimama mbele ya watu akisimulia. Kisha akasema la watoto hawezi kulijibu mbele yangu, anataka kumwuliza muuguzi peke yake.

Alhamisi baada ya zamu unapatikana? Nitamleta, mimi nitakaa nje.