Naomba ushauri: tona nyeupe chini ya rangi kwenye kadi nyeusi

Habari zenu wakuu. Mashine yetu ya kuchapa ina nafasi ya rangi ya tano, tumeweka tona (wino wa unga) nyeupe, itangulie chini ya rangi nyingine. Kwenye kadi nyeusi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, tabaka moja la nyeupe halitoshi. Njano inatoka kama tope. Nikipitisha karatasi mara mbili nyeupe inakolea safi, ila rangi hazikai juu yake sawasawa: ukingo mweupe unachungulia, hasa mwisho wa karatasi. Nahisi joto la kuyeyushia tona linaikausha karatasi, inasinyaa. Nimeiacha ipoe, nimeingiza kwa ukingo uleule, nafuu ni ndogo.

Mnalipunguza tabaka jeupe liishie ndani ya ukingo wa mchoro kwa milimita ngapi, ili lisichungulie? Na kupitisha karatasi tupu kwenye joto kwanza, kunasaidia kweli?