Kazi ya vikundi imefutwa yote kwenye Google Docs, naomba ushauri kabla sijagawa sifuri

Mwl_Chaki
Habari za jioni wakuu. Nafundisha Jiografia, darasa la wanafunzi 46. Niliwagawa vikundi sita, nikafungua faili moja la Google Docs, nikatupa linki kwenye grupu la WhatsApp, kila kikundi kijaze sehemu yake. Juzi usiku walishafika kurasa 19, nikalala na furaha zangu. Asubuhi nafungua, limebaki neno moja tu: "hahaha".

Kikundi cha nne wanakisingizia cha pili, cha pili wanaapa hawajagusa. Alama zinatakiwa keshokutwa. Mwenzangu wa ofisini ananicheka, ananiambia nirudi kwenye karatasi. Je, kazi inaweza kurudi? Na aliyefuta anaweza kujulikana?

MzeeWaUbao
Huyo mwenzako ana hoja. Karatasi haijawahi kufutwa na mtu aliyeko kitandani kwake.

DadaTehama
Mzee, karatasi inaloa na inapotea, tusidanganyane 😂

Mwalimu, tulia, kazi ipo. Kaa kwenye kompyuta, fungua faili, nenda kwenye menyu ya Faili, utafute historia ya matoleo. Utaona orodha ya tarehe na saa. Bonyeza ya juzi usiku, kurasa zako 19 hizo hapo.

Ila usikimbilie kurejesha. Ukirejesha, faili zima linarudi lilivyokuwa juzi, na kama kuna kikundi kimeshaanza kuandika upya leo, kazi yao mpya inatoka mbele ya macho yao na utazua kesi nyingine. Tengeneza nakala ya toleo lile la juzi, uendelee na nakala hiyo.

Mwl_Chaki
Dada ubarikiwe, nimeiona yote! Ila kwenye jina la aliyefuta imeandikwa mtumiaji asiyejulikana.

DadaTehama
Basi linki uliifungulia kila mwenye nayo, tena kwa haki ya kuhariri. Mtu akiingia hivyo bila akaunti, mfumo haumjui. Hapo hakuna mchawi utakayemkamata, na sifuri usimpe mtu kwa kubahatisha. Anaweza hata asiwe mwanafunzi wako, maana linki ya WhatsApp inasambazwa tu.

Kalamu_Nyekundu
Nakazia hapo. Haki ziko tatu: kutazama, kutoa maoni, kuhariri. Darasa zima lipe kutazama. Kuhariri wape wanakikundi peke yao, kwa anwani zao za barua pepe, na kila kikundi kiwe na faili lake. Hapo historia itakuonyesha nani aliandika aya ipi na saa ngapi. Mimi siku hizi nasahihisha nikiwa nimeifungua. Kuna kijana aliniambia kaandika nusu ya kazi ya kikundi, kumbe kaweka nukta mbili na jina lake.

Ukitaka kila mwanafunzi awe na nakala yake, ile linki inaishia na neno "edit" na vikorokoro vyake. Vifute, andika "copy". Akifungua, anaulizwa kama anataka kutengeneza nakala. Au tumia Google Classroom, ukiambatisha faili unachagua kila mwanafunzi apate nakala.

Na alama usiziweke kwenye jedwali unaloshiriki na wanafunzi, hata kama umeficha safu. Akitengeneza nakala yake, anaifichua.

Bando_Limeisha
Mimi ni mwanafunzi, naomba niwasemee wenzangu. Wengi tunatumia simu na bando la kubangaiza. Programu ya Docs inaweza kutunza faili kwenye simu ukaandika bila intaneti, likajioanisha ukipata mtandao. Walimu hawatuambii hili, tunabaki kuonekana wavivu. Pia nafasi ya bure ya GB 15 inagawanywa kati ya Gmail, Drive na Photos, kwa hiyo mtu mwenye picha nyingi anashindwa kupakia kazi na haongopi.

MzeeWaUbao
Hilo la kuandika bila intaneti sikulijua. Unabonyeza wapi, kijana?

Bando_Limeisha
Shikamoo mzee. Vidoti vitatu pembeni ya jina la faili, utaona sehemu ya kuliruhusu lifanye kazi nje ya mtandao. Ila liruhusu ukiwa bado na bando.

Mwl_Chaki
Wakuu, nimeshagawa mafaili sita, kila kikundi na lake. Sifuri nimefuta. Kikundi cha pili bado hawasemeshani na cha nne, hilo nitalishughulikia Jumatatu.