Akisema "Bwana ameniambia", tunaruhusiwa kumbishia?

Mzee wa Usharika (mwanzisha mada)

Bwana Yesu asifiwe. Naomba tujadili bila jazba.

Miaka kadhaa iliyopita baraza letu la wazee lilikaa kuamua kiwanja cha kujenga kanisa la mtaa mpya. Vilikuwepo viwili. Cha kwanza kina hati, bei yake imesimama, kiko ndani kidogo. Cha pili bei poa, kiko barabarani, ila muuzaji alikuwa na karatasi ya mauziano tu, imegongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Tukabishana vizuri, watu wanauliza maswali ya maana, mpaka mwenzetu mmoja, mtu wa maombi kwelikweli, akasimama: "Wapendwa, jana saa tisa usiku Bwana alisema nami. Amenionyesha kanisa limesimama kwenye kile cha barabarani."

Kikao kikaishia hapo. Mweka hazina alikuwa ameshafungua mdomo, akaufunga. Nani apige kura dhidi ya Mungu? Sadaka za mavuno na ahadi za washarika za miaka miwili zikaenda. Haukupita muda akajitokeza mwenye eneo mwingine, ana hukumu ya baraza la ardhi mkononi.

Sisemi yule ndugu alidanganya. Naamini aliona alichoona. Ugomvi wangu ni na ile sentensi. Mtu akisema "mimi naona tununue hiki", namuuliza kwa nini. Akisema "Bwana amesema", nikiuliza naonekana nambishia Bwana. Wakati Paulo aliwaambia Wakorintho manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue (1 Kor 14:29). Hao wengine kwetu wako wapi? Kwangu mimi, mwenye ufunuo aulete mezani kama hoja nyingine yoyote, aseme "nadhani Mungu ananiongoza hivi", kisha akae apimwe. Mnasemaje?

Neno Tosha

Mzee, mlango mmeufungua wenyewe. Waebrania 1 iko wazi: zamani Mungu alisema kwa njia nyingi, mwisho wa siku hizi amesema katika Mwana. Biblia imekamilika. Anayetaka kusikia sauti ya Mungu aisome kwa sauti.

Chekecha

Mkuu, nitajie sura na mstari unaosema wanunue kiwanja kipi.

Mama wa Ushirika

Tukutendereza Yesu, wapendwa. Mimi nimelelewa na Walokole huku Kagera, watoto wa uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Bibi yangu alikuwa anasikia kwa Mungu, na hakuona aibu kusema hivyo. Lakini hakulibeba peke yake. Kijana akisema Bwana amemwonyesha binti fulani, alilileta kwenye ushirika, "kuliweka nuruni" kama walivyosema wenyewe, na ndugu waliweza kumwambia usoni: hapo Bwana hatumwoni, tunayaona macho yako. Aliumia, akatubu, wiki ijayo akarudi kuimba nao.

Kwa hiyo Mzee, nakubali kupima. Sikubali hilo la "nadhani". Samweli aliitwa mara tatu akadhani ni Eli, na aliyetambua kwamba ni Bwana ni mzee ambaye macho yake yameanza kupofuka. Eli hakumwambia mtoto apunguze makali ya maneno. Asubuhi alimwambia asimfiche neno hata moja, na lilikuwa neno la hukumu juu ya nyumba yake mwenyewe! Baraza lenu lilikosa kina Eli. Na msidhani kupima ni rahisi: Matendo 21, wanafunzi wa Tiro walimwambia Paulo kwa uongozi wa Roho asiende Yerusalemu. Akaenda. Nani alisikia vibaya? Luka hatuambii, nami mpaka leo sijui.

Mwanaparokia

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi Wakatoliki mnatucheka kwa taratibu ndefu, lakini tazameni Kibeho, Rwanda. Novemba 28, 1981 msichana wa shule, Alphonsine Mumureke, alisema ametokewa na Bikira Maria. Baadaye wakajitokeza wengi. Kanisa likaunda tume ya madaktari na tume ya wanateolojia, na Askofu Augustin Misago akatoa tamko tarehe 29 Juni 2001. Karibu miaka 20! Na kati ya wote waliodai, wakatambuliwa wasichana watatu tu. Hata baada ya hapo Mkatoliki halazimiki kuamini. Unaitwa ufunuo wa binafsi.

Sasa weka pembeni yake Kanungu, Uganda, 17 Machi 2000. Viongozi wa kundi moja la dini la huko nao walidai ujumbe kutoka kwa Bikira Maria. Wafuasi waliuza mali zao, na mamia wakafa. Ndani ya kundi hakuna aliyeruhusiwa kuuliza.

Chekecha

Miaka 20? Kiwanja kingekuwa kimeshauzwa mara nne.

Nilikunywa Kikombe

Mimi 2011 nilimpeleka mama Samunge, Loliondo. Babu, mchungaji mstaafu wa Kilutheri (KKKT), Ambilikile Mwasapila, alisema Mungu amemuotesha dawa ya mti wa mugariga. Foleni tulilala ndani ya gari. Kikombe shilingi 500, kwa hiyo wale wanaosema "mpime mtumishi kwa hela", pale kipimo hicho kingewapa jibu gani?

Mama alikunywa, akamshukuru Mungu. Asubuhi iliyofuata akatoa vidonge vyake vya sukari akameza kama kawaida. Nikamuuliza, mama, imani iko wapi? Akanijibu: "Aliyemuotesha Babu nipewe kikombe hajaniotesha mimi niache vidonge." Sijasikia mahubiri yanayompita.

Neno Tosha

Hadithi nzuri. Shakahola je, Kilifi, Kenya, 2023? Miili zaidi ya 400 imefukuliwa. Watu walifunga mpaka kufa wakiamini wanakwenda kukutana na Yesu. Haya, niambieni tena tusikilize sauti.

Mama wa Ushirika

Mpendwa, na pale palihubiriwa kwa Biblia.

Mzee wa Usharika, nina swali kwako. Siku ile uliponyoosha mkono, moyoni ulisikia nini?

Mzee wa Usharika (mwanzisha mada)

Umenibana, mama. Nimekaa na swali lako tangu mchana.

Nilisikia neno moja: "Kwanza ofisi ya ardhi." Lilinijia mara mbili. Nikaliona ni la kimwili mno mbele ya maono ya ndugu yangu, nikalizima, nikanyoosha mkono. Nilimaliza hata na kufunga kwa sala.

Neno Tosha

Hiyo ni akili ya kawaida tu, Mzee. Usimsingizie Roho.

Mama wa Ushirika

Muache, hajamsingizia mtu. Mzee, na kiwanja kikoje sasa?

Mzee wa Usharika (mwanzisha mada)

Kina mahindi ya huyo mwenye hukumu. Sisi bado tunasali darasani, shule ya msingi. Jumapili hii kuna kikao cha kiwanja kingine, na yule ndugu atakuwepo.